Mfereji wa Mafuriko na Kinamasi Chetu: Tuulize Kabla Tingatinga Halijafika



Mtu aliyewahi kulala juu ya meza na watoto huku maji yakipita chini yake hahitaji kufundishwa ubaya wa mafuriko. Mvua ya masika ya mwaka 2024 iliua watu zaidi ya 250 katika nchi yetu, ikabomoa nyumba, ikazoa kuku, mbuzi na mahindi shambani. Kwa hiyo, chifu anaposimama barazani na kutangaza kwamba kuna mradi wa kuchimba mfereji wa kuzuia mafuriko, watu hupiga makofi. Wana haki ya kupiga makofi.

Lakini hebu tuangalie ramani ya mradi wenyewe. Mara nyingi mstari wa mfereji hupita katikati ya kinamasi. Kwa nini? Kwa sababu hapo hakuna nyumba ya kubomoa, hakuna mwenye shamba wa kulipwa fidia, wala hakuna wa kubishana na mhandisi. Watu husema, "Si ni matope tu na mafunjo? Wacha pachimbwe!"

Makala haya hayakuja kupinga mifereji. Mahali pengine mfereji unahitajika kweli, na kuuchelewesha ni kuhatarisha maisha. Tunachotaka ni kila kikundi kijifunze kuuliza swali moja kabla ya kutia sahihi: Maji yatalala wapi? Mfereji haumalizi maji. Unayahamisha tu. Na kama mahali pake pa kulala tumepaharibu, maji yatatafuta mahali pengine, na huenda mahali hapo pakawa ni kwa jirani yako, au ni kwako wewe mwenyewe.

KINAMASI KINAFANYA KAZI GANI?

Kinamasi ni ardhi oevu, yaani mahali ambapo maji hukaa juu ya udongo, au karibu sana na uso wake, kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kinaonekana kama kimelala bure, kumbe kinafanya kazi nne.

*Kazi ya kwanza: kinashika maji.* Tupige hesabu ndogo. Chukua ekari moja ya kinamasi. Mvua kubwa ikija na maji yakapanda kwa nusu mita tu, ekari hiyo imeshika lita kama milioni 2. Hayo ni madramu 10,000 ya lita 200. Ekari moja! Kinamasi cha ekari 100 kitashika madramu milioni moja, na kitayaachilia polepole kwa siku nyingi badala ya kuyamwaga kwa usiku mmoja. Ukikikausha, madramu hayo yote yatateremka kwa pamoja.

*Kazi ya pili: kinachuja.* Mto wa matope ukiingia katika mafunjo na matete, mwendo wake hupungua. Udongo unatua chini, na mbolea na samadi iliyosombwa mashambani huliwa na mimea. Wenzetu wa Uganda wanalijua jambo hili. Maji machafu ya mji wa Kampala hupita katika mfereji wa Nakivubo na kinamasi chake kabla ya kuingia Ziwa Viktoria, na si mbali na hapo, Ggaba, ndipo mji unapovuta maji ya kunywa. Mwaka 1999 wachumi walikadiria kwamba kazi ya kuchuja inayofanywa na kinamasi hicho ilikuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na dola milioni 1.75 kila mwaka. Hakuna mtu aliyekuwa akikilipa mshahara.

*Kazi ya tatu: kinatunza maji ya kiangazi.* Maji yaliyokaa kinamasini huzama ardhini. Ndiyo maana visima na chemchemi za karibu hutoa maji hata Januari na Februari, wakati vya juu mlimani vimekauka.

*Kazi ya nne: kinalisha watu.* Kuna mafunjo ya mikeka, vikapu na paa. Kuna kambare na kamongo. Kuna udongo wa matofali na majani ya ng'ombe wakati wa ukame. Kuna dawa za mitishamba. Mama anayesuka mikeka hana cheti cha kumiliki kinamasi, lakini karo ya mtoto wake imetoka humo. Mhandisi anapoandika kwamba mfereji utapita "mahali pasipotumika", mama huyo hayumo katika hesabu.

MFEREJI UKIPITA KATIKATI, NINI HUTOKEA?

Mabadiliko hayaonekani siku ya kwanza. Huja moja moja, na watu husahau yalianzia wapi.

1. *Kinamasi kinavuja pande zote.* Mfereji ukiwa na kina kuliko kinamasi, maji yaliyo ndani ya udongo wa pande zote mbili huanza kuteremkia mferejini, usiku na mchana, hata kiangazi. Baada ya misimu michache mafunjo ya kando hukauka, na visima vya karibu huanza kushuka.

2. *Udongo unazama.* Udongo mweusi wa kinamasi umetengenezwa na mimea iliyooza kidogo kidogo kwa mamia ya miaka. Ukikauka hunywea, hupasuka na huweza kushika moto. Shamba lililopatikana hapo hutoa mavuno mazuri miaka ya mwanzo, halafu huanza kuzama. Mwishowe liko chini kuliko mto, na mafuriko yanarudi pale pale.

3. *Jirani wa chini anapigwa.* Mto unaopinda huenda polepole. Mfereji ulionyooka hukimbiza maji. Kijiji cha juu kinashangilia kwamba maji yamepita upesi, na kijiji cha chini kinapokea yote kwa saa chache.

4. *Samaki wanakosa mahali pa kuzalia.* Samaki wengi hupanda na maji ya mvua kwenda kutaga katika majani yaliyofurika. Wakikuta kingo ndefu zilizosimama wima kama ukuta, hawana pa kuingilia.

5. *Ziwa linapokea uchafu.* Udongo na mbolea vilivyokuwa vikibaki katika mafunjo sasa vinafika ziwani moja kwa moja. Gugumaji hupenda chakula hicho sana.

6. *Mbu hawaishi.* Wengi hufikiri kukausha kinamasi ni kumaliza malaria. Si hivyo kila mara. Mbu anayeeneza malaria hapa kwetu hupenda vidimbwi vidogo vilivyo wazi, vyenye jua. Utafiti uliotolewa mwaka 2000 kutoka Kabale, Uganda, ulionyesha kwamba nyumba zilizo karibu na vinamasi vilivyogeuzwa mashamba zilikuwa na mbu hao wengi kuliko nyumba zilizo karibu na vinamasi vya mafunjo ya asili, na tena huko kwenye mashamba usiku ulikuwa na joto zaidi. Mfereji usiotunzwa, wenye vidimbwi vya maji yaliyosimama, ni makao ya mbu na ya konokono wa kichocho.

MASOMO YA HAPA KWETU: NZOIA NA YALA

Mito miwili ya magharibi mwa Kenya inatufundisha, nayo inaingia Ziwa Viktoria karibu karibu.

Wa kwanza ni Nzoia. Unaanzia vilima vya Cherangani na Mlima Elgon, nao hubeba udongo mwingi wa mashamba yetu ya juu. Zamani, mto ulipofurika kule Budalang'i, udongo huo ulitawanyika juu ya uwanda wote. Baadaye yakajengwa matuta marefu pande zote mbili ili kuuzuia mto usitoke. Matuta hayo yameokoa watu na mashamba kwa miaka mingi, tusiyadharau. Lakini udongo unaoletwa na mto umekosa pa kwenda isipokuwa katika kitanda cha mto chenyewe. Kitanda kinapanda, na mto unapanda pamoja nacho. Matokeo yake ni kwamba tuta linapovunjika, maji hushuka juu ya watu kwa nguvu kuliko zamani. Matuta ya Budalang'i yalivunjika mwaka 2003 na tena mwaka 2007, na Mei 2020 Nzoia ulivunja tena kingo zake. Mwezi huo huo Ziwa Viktoria lilikuwa limejaa kupita kiwango cha mwaka 1964, kwa hiyo hata mlangoni maji hayakuwa na njia nzuri ya kutoka.

Somo la Nzoia ni hili: *tuta au mfereji bila kutunza udongo wa juu ni kazi ya muda tu.*

Wa pili ni Yala. Kinamasi cha Yala, kati ya Siaya na Busia, kina ukubwa wa hekta 17,500 hivi. Zamani mto Yala uliingia sehemu ya mashariki ya kinamasi, ukapita Ziwa Kanyaboli, halafu ukaenda katika kinamasi kikubwa na hatimaye Ziwa Viktoria. Miaka ya 1960 kazi ya kukausha sehemu ya kwanza ilianza, hekta kama 2,300, ili kupata mashamba. Mto ukaelekezwa katika mfereji uendao moja kwa moja kwenye kinamasi kikubwa, na tuta la udongo likatenga Ziwa Kanyaboli. Ziwa lililozoea kupokea mto mzima likabaki na maji ya vilima vya jirani na yale yanayorudi kwa kuchuja kutoka kinamasini.

Mfereji huo ulikuwa wa kilimo, lakini linalotuhusu ni kwamba mstari mmoja uliochorwa ofisini ulibadilisha njia ya mto na maisha ya ziwa zima.

Kwa bahati njema sehemu kubwa ya mafunjo ilibaki, na hiyo iliokoa kitu ambacho hakuna aliyekipanga. Ngege, samaki wa asili aliyelisha wazee wetu, karibu atoweke kabisa katika Ziwa Viktoria baada ya uvuvi wa kupita kiasi na baada ya samaki wageni kuletwa, mbuta akiwa mmoja wao. Lakini Kanyaboli ngege wamebaki. Maji ya ndani ya mafunjo yana hewa kidogo, na mbuta hawezi kuyapita. Ule ukuta wa mafunjo umekuwa boma la ngege. Humo pia anaishi nzohe, swala mwenye kwato ndefu za kutembelea matopeni. Mwaka 2010 Ziwa Kanyaboli lilitangazwa kuwa hifadhi ya kitaifa.

Somo la Yala ni hili: *kinachoonekana kama kizuizi cha maendeleo huenda ndicho kinacholinda mbegu yetu.*

MTO ULIONYOOSHWA, KISHA UKAPINDISHWA TENA

Mtu anaweza kusema kwamba haya yote ni ya nchi maskini, zisizo na wahandisi wa kutosha. Basi tuone yaliyowapata matajiri.

Katika jimbo la Florida, Marekani, kuna mto uitwao Kissimmee. Ulipinda na kuzunguka kwa kilomita 166 hadi Ziwa Okeechobee, ukifurika katika uwanda wake kila mwaka. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1947 watu walidai kinga, na serikali ikakubali. Kati ya mwaka 1962 na 1971 mto ulinyooshwa ukawa mfereji wa kilomita 90, wenye kina cha mita 9.

Mafuriko yalipungua kweli. Lakini ekari zaidi ya 30,000 za ardhi oevu zilikauka au ziliharibika. Bata wanaokuja huko wakati wa baridi walipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Maji yenye samadi ya malisho ya ng'ombe yakawa yanateremka ziwani bila kuchujwa.

Watu walianza kulalamika hata kabla mfereji haujazoeleka. Mwaka 1992 bunge lao lilikubali mto urudishwe. Mwaka 1999 tingatinga zilirudi pale pale, safari hii kufukia. Kazi ilikwisha mwaka 2021. Wamefukia kilomita kama 35 za mfereji, maji yamerudi katika mapindo ya zamani, na ndege wamerudi. Hawakufukia mfereji wote, kwa sababu sehemu nyingine bado zinawakinga watu. Gharama imefika karibu dola bilioni moja. Kuuchimba kulikula sehemu ndogo tu ya fedha hizo.

Majuto ni mjukuu. Wao walikuwa na dola za kununulia majuto yao. Sisi tunazo?

NGAZI NNE ZA KUPUNGUZA MADHARA

Wataalamu wa mazingira wana utaratibu wa kufuata mradi unapogusa ardhi oevu. Ufikirie kama ngazi. Unaanza na kidato cha kwanza, na huruhusiwi kurukia cha mwisho.

*Kidato cha kwanza: KUEPUKA.* Je, mfereji unaweza kupita kando ya kinamasi badala ya katikati? Je, unaweza kuishia ukingoni, ili maji yatawanyike ndani ya mafunjo kwa upana badala ya kupita kwa mstari mmoja? Je, tatizo ni daraja dogo au kalvati iliyoziba, ambayo ikipanuliwa maji yatapita bila mfereji wowote? Je, matuta yanaweza kujengwa mbali na mto, ili mto ubaki na uwanda wake wa kufurikia ndani ya matuta? Swali la bei rahisi kuliko yote ni hili la kuepuka, na ndilo linalosahauliwa.

*Kidato cha pili: KUPUNGUZA.* Ikiwa lazima upite, upite kwa adabu. Mambo ya kudai ni haya:

- Mdomo wa mfereji uwe na kizingiti. Maji ya kawaida yaendelee kuingia kinamasini, na yale ya mafuriko tu ndiyo yaruke kizingiti na kufuata mfereji.
- Kina kisipite kinachohitajika. Afadhali mfereji mpana usio na kina kirefu, wenye kingo za mteremko na nyasi, kuliko shimo refu lenye kuta wima.
- Pawe na milango au kalvati za kupitisha samaki na maji kati ya mfereji na kinamasi.
- Udongo unaochimbwa usimwagwe juu ya mafunjo. Upelekwe mahali palipokubaliwa.
- Kazi ifanyike kiangazi, si wakati samaki wanapanda kutaga.
- Pawe na mashimo ya kunasa udongo kabla maji hayajafika kinamasini, na yawe na mtu wa kuyazoa.
- Pawe na vivuko vya watu na mifugo. Mtoto asizame akienda shule.

*Kidato cha tatu: KUREKEBISHA.* Palipovurugwa na mashine parudishwe kama palivyokuwa. Mafunjo huota upya kwa vipande vya mizizi yake, na akina mama wa kijiji wanajua kuyapanda kuliko kontrakta. Kazi hiyo ipewe vikundi, na ilipwe kutoka kwa bajeti ya mradi, si kwa ahadi.

*Kidato cha nne: KUFIDIA.* Kile kilichopotea kabisa kifidiwe kwa kutengeneza au kufufua ardhi oevu nyingine. Hapa muwe macho. Ni rahisi mno kuandika "tutapanda kinamasi kingine". Ulizeni: Wapi? Ekari ngapi? Maji yake yatatoka wapi? Je, ni katika mto huu huu, au ni wilaya nyingine ambako haitatusaidia sisi? Kitakuwa tayari lini, kabla ya kile cha zamani kukatwa au miaka kumi baadaye? Nani atakitunza? Mafunjo yataota haraka, lakini udongo mweusi na samaki huchukua muda mrefu sana. Ndiyo maana fidia inapaswa kuwa na ekari nyingi kuliko zilizopotea. Kufufua kinamasi kilichoharibika huwa na matumaini zaidi kuliko kuchimba kipya mahali pakavu.

Na kuna fidia ya watu. Msuka mikeka, mvuvi na mfyatua matofali waandikwe kwa majina katika ripoti, hata kama hawana hati ya ardhi.

SHERIA INATUPA NGUVU GANI?

Wengine hudhani mradi ukishatoka Nairobi hauna maswali. Sivyo.

Sheria ya mazingira ya mwaka 1999, katika kifungu cha 42, inakataza mtu kuchimba, kukausha, au kugeuza njia ya mto, ziwa au ardhi oevu bila kibali cha maandishi kinachotolewa baada ya madhara kuchunguzwa. Tena sheria hiyo ilitaja miradi ya kuzuia mafuriko kwa jina katika orodha ya miradi inayohitaji uchunguzi huo. Ofisi inayosimamia jambo hili ni NEMA.

Kanuni zilizotolewa mwaka 2003 zilitaka watu watakaoguswa waitwe katika mikutano isiyopungua mitatu, waelezwe mradi na madhara yake, na maoni yao yachukuliwe kwa mdomo au kwa maandishi. Ripoti ikishafika NEMA, wananchi hutangaziwa na hupewa siku za kutoa maoni. Siku hizo zikipita ninyi mmenyamaza, imehesabiwa kwamba hamna neno.

Asiyeridhika na uamuzi anaweza kwenda katika baraza la rufani la mazingira, na muda wake ni siku 60. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikitishwa, bila kulazimika kwanza kuonyesha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Lakini ndugu, kesi ni dawa ya mwisho. Maswali mazuri mkutanoni ni dawa ya kwanza, na haina gharama.

KIKUNDI KIFANYE NINI SASA?

Msingoje mpaka tingatinga lingurume. Anzeni hivi:

1. *Tembeeni mstari.* Ombeni ramani ya mradi kwa chifu au mwakilishi wa wadi. Tembeeni njia yote ya mfereji kwa miguu, wazee kwa vijana. Andikeni kila kisima, kivuko, mahali pa kuvulia na mahali pa kukata mafunjo.

2. *Waulizeni wazee.* Maji ya mwaka 1961 yalifika wapi? Ya mwaka 1997? Ya 2020? Wekeni alama kwenye mti au ukuta. Mhandisi mwema atafurahia alama hizo, kwa sababu mara nyingi hana vipimo vya miaka mingi.

3. *Simamisheni kigingi.* Chukueni mti ulionyooka, uchoreni alama kila inchi, usimikeni kinamasini. Mtoto wa shule aandike kipimo katika daftari kila Jumamosi. Pimeni pia visima viwili au vitatu kwa kamba. Fanyeni hivyo kabla ya mradi, wakati wa mradi na baada yake. Mtu akikuambia baadaye "visima havijashuka", utamfungulia daftari.

4. *Hesabuni mali ya kinamasi.* Mikeka mingapi kwa mwezi? Samaki kilo ngapi? Ng'ombe wangapi hulishwa humo wakati wa ukame? Andikeni kwa shilingi. Ofisini, kisichoandikwa hakipo.

5. *Chagueni wasemaji.* Wasiwe wanaume watupu. Wanaochota maji na kusuka mikeka wawepo. Baada ya mkutano andikeni kumbukumbu, zitiwe sahihi, na nakala moja ibaki na katibu wa kikundi.

6. *Ongeeni na wa juu na wa chini.* Mwalike kikundi cha kijiji kinachofuata kuelekea ziwani. Kama mfereji wenu utawafurisha wao, hiyo si kinga, ni uhasama. Na kwa wenzetu wa milimani, matuta ya fanya juu, nepia kando ya makinga maji, na miti kwenye kingo za mto ndiyo mwanzo wa kuzuia mafuriko ya huku chini.

7. *Tujiangalie wenyewe.* Ni nani aliyelima nduma na mahindi mpaka ukingoni mwa mto? Ni nani anayechoma mafunjo kila kiangazi? Hatuwezi kumshtaki kontrakta kwa kukata kinamasi ambacho sisi tunakila kidogo kidogo kwa jembe.

8. *Ulizeni habari ya mwaka wa tano.* Siku ya kuzindua mradi, kila mtu yupo. Mwaka wa tano, mfereji ukijaa udongo na majani, nani atauzibua, na kwa fedha gani? Kama hakuna jibu, hamjapata mfereji, mmepata shimo.

KWA KUMALIZA

Maji hufuata mkondo, walisema wahenga. Mkondo wa zamani uliyapeleka maji mahali pa kupumzika. Tukiuhamisha, ni juu yetu kuyaonyesha maji mahali pengine pa kupumzika, pasipo na mtu aliyelala. Watoto wetu wanastahili usiku usio na mafuriko. Wanastahili pia kisima chenye maji kiangazi, na ngege mezani. Mradi ukipangwa vizuri, mambo haya hayapingani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mvua kubwa ikinyesha kwetu, maji hulala wapi? Je, mahali hapo ni pakubwa au ni padogo kuliko miaka 20 iliyopita? Kwa nini?
2. Ni nani katika kijiji chetu anapata riziki kinamasini? Je, amewahi kuitwa katika mkutano wowote kuhusu mradi?
3. Kama mfereji utachimbwa, ni kidato gani cha ngazi ambacho wenye mradi wameanzia? Je, wamejibu swali la kuepuka?
4. Kijiji kinachotufuata chini ya mto kitapata nini kutokana na mfereji wetu? Nani ataenda kuzungumza nao wiki hii?
5. Nani atasimika kigingi, na nani atashika daftari?